Mafuta ya Nazi Kwenye Gari la Bwana Lusajo

Pangani, Kibaha
Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Baba Zuhura, mume wangu,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha nausalimu mgongo wako, maana najua tangu niondoke hakuna wa kuukanda na wewe mwenyewe humwambii mtu. Unaendeleaje? Kikohozi kimekuachia? Mihogo ya shamba la chini umeipalilia, au umeketi unaningoja mimi? Kama umeketi, sema tu, sitakasirika, nilishajua. Huku sisi ni wazima, mimi na mwanao. Nimenenepa kidogo. Usimwambie wifi yangu, acha ajionee.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Simu yako, baba, unaipokea unaweka sauti kubwa, na barazani hapo wapo wote, kila mtu anatia neno lake mpaka mimi nasahau langu. Mara ya mwisho nilikuwa naongea na wewe, nikajibiwa na muuza mkaa. Kwa hiyo nimekaa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la saba mwalimu alikuwa ananiita mimi ubaoni niandike, wenzangu wananakili. Usiseme huoni. Miwani iko kwenye kabati, droo ya juu, ndani ya soksi.

Aliyekuletea barua hii anaitwa Bwana Lusajo. Ni bwana shamba, mtu wa Mbeya, ofisi yake iko Kisarawe mjini ila nyumba yake ipo huku Pangani, mtaa wetu. Leo anapita Msimbu kuangalia mikorosho ya watu, nikamwomba akufikishie. Mkaribishe maji, mpe na mhogo wa kuchemsha. Usimruhusu aondoke kabla hujamaliza kusoma, tafadhali sana. Sababu utaiona mbele. (Na mwambie kaka yako kwa mara ya tatu kwamba Pangani hii si ile ya Tanga. Huku hakuna bahari wala samaki wa bei rahisi. Aache kuagiza.)

Sasa sikiliza.

Uliponituma huku ulisema siku nne. Nije, nimkunjie Zuhura nguo zake, turudi wote, akakalie ile cherehani uliyomnunulia kwa jasho la korosho. Nilikuitikia, na nilikuja na nia hiyo hiyo. Leo ni mwezi wa pili nipo, na najua umeshasema kwa watu kwamba mama na mtoto ni wamoja. Una haki ya kukasirika. Ulimpeleka chuo cha ufundi akasome ushonaji, yeye akahamia upande wa rangi za magari bila kukuambia, na ukaja kuambiwa na mpita njia kwamba binti yako ameonekana amelala chini ya gari, miguu nje. Miezi minane hujasema naye. Na mimi nilikasirika, unakumbuka. Siku niliyofika, hata mzigo sijatua, nikamwambia, "Wewe, baba yako kaambiwa unalala chini ya magari ya watu."

Akacheka, mjinga yule. "Shikamoo mama. Wanaolala chini ni watu wa injini. Mimi napaka rangi, nasimama."

Na kweli anasimama, Baba Zuhura. Ana kiua chake nyuma ya chumba alichopanga, ametundika turubai, amemwagia maji chini vumbi lisipande. Kazi yake hasa ni zile plastiki nyeusi za nje za haya magari makubwa ya juu: vile vipande vinavyozunguka matairi, na kile kipande cha chini ya bampa. Jua linavipiga vinakuwa vya kijivu, gari zima linaonekana la zamani hata kama bati lake ni jipya. Yeye anavibandua, anavisugua, anavipaka upya. Kilichopasuka sana anatafuta kingine kwa wauza vipuri, anakipaka kifanane na wenzake, anakirudisha. Ukiliona gari baada ya hapo utadhani limetoka melini leo.

Nikaanza kujisifu, sikufichi. Kisimani, sokoni, msikitini upande wa wanawake, wote wamesikia. Jirani akiniuliza, "Mwanao anafanya kazi gani?" namwambia, "Mwanangu anavisha magari." Nikamwambia mmoja kwamba Kibaha nzima hakuna kama yeye. Kibaha nzima sijaizunguka, lakini hayo nilisema na sijutii.

Pembeni yetu kuna gereji ya Fundi Side, mwanaume mzima, mdomo mpana. Kila mteja akija kwa Zuhura, yeye anapiga kelele kutoka kwake, "Bosi, huyo atalipaka gari lako wanja!" Zuhura hamjibu. Mimi namjibu. Nikamwambia, "Na wewe njoo upakwe, labda utapata mchumba."

Basi Bwana Lusajo akaleta gari lake. Jeupe, refu, zuri, ila plastiki zake zimepauka, zina michirizi kama mtu aliyelia. Wiki ijayo anakwenda kwao Mbeya na mkewe, atapita kwa wakwe, na hataki kufika kwa wakwe na gari la namna ile. Alishawapa vijana wa kuosha magari mara mbili, wakampaka dawa ya kung'arisha, mvua ikanyesha, ikatoka. Zuhura akamweleza, "Kitu chochote cha mafuta kinang'aa siku tatu tu, halafu kinakuharibia. Hapa ni kusugua na kupaka rangi yake." Maneno hayo aliyasema vizuri kabisa, mimi nikiwa jikoni nakuna nazi. Sikuyasikia. Ningeyasikia nisingekuandikia barua hii.

Kwa siku mbili akafanya kazi. Akabandua vipande, kimoja cha mbele mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika kimeshikwa na waya, akakitafutia kingine. Akavisugua vyote kwa msasa, akaviosha, akavipanga juu ya jamvi. Siku ya tatu mchana akaniambia, "Mama, niangalizie hivi, nakwenda kufuata rangi, nikirudi napuliza." Akaenda.

Nikaviangalia. Baba Zuhura, vilikuwa vibaya kuliko vilivyokuja! Msasa ulikuwa umevifanya vyeupe vyeupe kama magoti ya mtoto aliyeshinda kwenye vumbi. Nikasema moyoni, siku mbili zote hizi, kumbe ndiyo hivi? Bwana Lusajo akitokea sasa hivi atasema nini? Na Fundi Side yule anachungulia kwenye ua.

Unajua sisi. Kwetu mtoto hatolewi mbele ya wageni amepauka. Hata wewe siku ya posa mama yako alikupaka mafuta mpaka kola ya kanzu ikaloa, usikatae, mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Nikaingia ndani, nikachukua chupa ya mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe huko Msimbu, nikakaa kwenye jamvi, nikavipaka. Kimoja kimoja, kwa kiganja, nikavikanda na kona zake. Vikawa vyeusi, vinang'aa! Nikamwita jirani aje aone. Nikamwambia, "Umeona? Mwanangu amenifundisha."

Jua lilikuwa kali. Mpaka Zuhura anarudi, mafuta yalikuwa yameingia ndani, na mng'aro umepungua. Akavitazama. Akaniuliza, "Mama, umevigusa?"

Mimi nikamjibu, "Nimefuta vumbi tu."

Kwa nini nilisema vile sijui. Labda ni namna alivyoniuliza. Alikuwa ameshika kopo la rangi, sura ya kazi, nikajiona mimi ndiye mtoto. Akasema, "Haya, ahsante mama," akavipitishia kitambaa kikavu, akavaa barakoa yake, akapuliza.

Rangi ilikataa. Dakika chache tu ikaanza kujikusanya, ikafunguka vijitobo vidogo vidogo, vipande vyote vitano vikawa kama mtu mwenye tetekuwanga. Zuhura akazima mashine. Akainama, akapitisha kidole upande wa ndani ambako rangi haikufika, akakiweka puani. Akaenda akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza kama nimeshakula. Mimi nikasema rangi ya siku hizi mbovu.

Asubuhi yake Bwana Lusajo akaja kuchukua gari. Akasimama mbele ya jamvi na mfuko wake wa ofisi.

"Binti, hii ni nini? Umenipa gari ugonjwa?"

Fundi Side alikuwa ameshaufikia ukuta. "Bwana shamba, si nilikwambia? Huyo mpe kucha, usimpe gari!"

Zuhura akasema, "Ni kosa langu, Bwana Lusajo. Sikuviosha inavyotakiwa kabla ya kupuliza."

"Kosa lako?"

"Langu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Alijua tangu aliponusa kidole. Amelala na jambo hilo, ameamka nalo, amenikaangia na chapati. Na mimi, mume wangu, nakuandikia kweli, nilinyamaza. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikawa naokota mawe kwenye mchele usio na mawe. Nikawaza, akinyamaza naye yatapita.

Bwana Lusajo akasema, hakugomba, alisema taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi, "Basi binti yangu, nifungie vipande vyangu. Nitampa huyu fundi hapa amalizie. Mimi safari yangu ni wiki ijayo, siwezi kujaribiwa."

Fundi Side akaanza kufuta mikono. Zuhura akainama kuokota kipande cha kwanza. Nikaona shingo yake ilivyoinama, Baba Zuhura, ni ile ile ya siku uliyomwambia asikanyage nyumba yako na nguo za rangi. Nikaona pia kwamba jambo ulilonituma linakwenda kutimia lenyewe, bila mimi kusema neno. Akiharibikiwa hapa atakunja nguo zake mwenyewe, nitamrudisha kama ulivyotaka, na wewe utasema nimefanya kazi nzuri.

Nikasema, "Subiri!" Nikaingia ndani, nikatoka na chupa.

"Bwana Lusajo, nusa."

Akanusa. "Mafuta ya nazi."

"Ya Msimbu. Nimekamua kwa mkono wangu. Ndiyo yaliyomo kwenye plastiki zako."

Akanitazama mimi, akaitazama chupa. "Mama, umelipaka gari langu mafuta ya kupikia?"

"Ya kujipaka," nikamwambia. "Ya kupikia yapo chupa nyingine."

Fundi Side alicheka mpaka akakalia tairi. Bwana Lusajo hakucheka. Akamgeukia Zuhura. "Na wewe kwa nini umesema kosa lako?"

Mwanao akasimama wima. "Kwa sababu vilikuwa mikononi mwangu. Nilivikuta vimeguswa, nikapuliza bila kuviosha tena. Fundi anaosha hata kama ameambiwa na mama yake kwamba ni visafi."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza hata moja, na unajua mimi kuongeza naweza.

Bwana Lusajo akasema, "Alhamisi alasiri. Zaidi ya hapo nachukua gari langu." Akaondoka kwa miguu.

Nikataka kumwomba radhi mwanangu. Akanikatiza, "Mama, vaa barakoa, chukua msasa." Basi nikawa kibarua wa binti yangu. Tukaviosha kwa sabuni, tukavifuta kwa dawa ya kutoa mafuta, tukasugua rangi yote itoke. Mimi kwa kuwa nina mkono wa mwiko nikawa nakandamiza. "Mama, usibonyeze, tembeza." Nikatembeza. Kisha ana namna yake ya kupima: anamwaga maji juu ya kipande. Maji yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo. Yakitandaa kote kama kwenye sahani safi, yameisha. Mara ya kwanza yakajikusanya. Mara ya pili yakajikusanya. Mafuta yangu ni mazuri, hilo hata Zuhura alikiri, hayatoki kirahisi. Mara ya tatu yakatandaa. Vidole vyangu mpaka leo vimelainika, nikimshika mtu mkono anadhani mimi ni mke wa mkubwa. Na nakwambia, nasugua kuliko vijana wote wa Fundi Side, Zuhura mwenyewe amesema, au karibu aseme.

Akapuliza tabaka la kwanza, la kushikia, likakauka. Akapuliza nyeusi, nyembamba, akangoja, akapuliza tena. Mimi nilikaa mbali, mikono nimeikalia.

Jana alasiri Bwana Lusajo akaja, vipande vimeshafungwa mahali pake. Akalizunguka gari mara mbili. Akachuchumaa kwenye kila tairi. Akasema, "Hee." Watu wa Mbeya hawana maneno mengi. Fundi Side naye akaja, akapitisha kiganja kwenye kila kipande. Mwisho akanisogelea chini kwa chini, "Shangazi, yale mafuta yamebaki? Viwiko vyangu vimekauka." Nimempa. Si mtu mbaya.

Kosa limebaki moja. Juu ya tairi la nyuma, mkono wa kushoto, pana kijitobo kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Pale nilipasugua mimi peke yangu, nikapima maji mimi peke yangu, nikasema yametandaa kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Bwana Lusajo hata hakukiona. Mwanao ndiye aliyemwonyesha! Nikamfinya, hakufinyika. Akamwambia, "Hili lina doa hapa. Nenda nalo kazini kesho, Jumatatu nirudishie nilipake tena. Sikubali liende kwa wakwe hivi." Bwana Lusajo akasema haina haja. Zuhura akasema haja ipo.

Baba Zuhura, ulinituma nikamwangalie mwanao kisha nimrudishe. La kwanza nimelifanya. La pili limenishinda, na sitaki kukudanganya kwamba bado najaribu. Nimemwona mtu aliyebeba kosa la mama yake mbele ya mteja, na akaonyesha doa ambalo hakuna aliyeliuliza. Hiyo tabia hakuipata kwangu, mimi unanijua. Ameipata kwako. Wewe ndiye uliyerudisha gunia la korosho Kisarawe kwa sababu lilikuwa na mchanga chini, mvua inanyesha, watu wanakucheka.

Cherehani mpe Mwanahawa wa dada yako, ameitamani tangu siku uliyoileta, anaifuta vumbi kila akija akidhani hatumwoni.

Mimi nitarudi wiki ijayo, peke yangu au na Zuhura, wewe ndiye wa kusema. Ila ukisema arudi, basi mwachie hadi Jumatatu amalizie doa la mama yake.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nimeipata nitakuja nayo. Msalimie wifi yangu Tatu na mumewe yule mpole. Kaka yako mkubwa mwambie nimemsikia kuhusu samaki na jibu ni lile lile. Wajukuu wote wa mlango wa pili, na shoga yangu Mwajabu anayenichungia kuku, mwambie nimeshawahesabu tangu kabla sijaondoka. Zuhura anakuamkia shikamoo. Hajui kama nimeiandika hapa, anajua naandika ya mihogo tu.

Sasa vua miwani, toka nje. Gari lile jeupe lililosimama mlangoni kwako ndilo lenyewe. Lizunguke lote, pitisha kiganja kama unavyopitisha kwenye korosho. Kushoto, juu ya tairi la nyuma, kidole chako kitakwama kidogo: hapo ni mimi. Kwingine kote ni mwanao. Ukimaliza kugusa, Bwana Lusajo atakuwa anakunywa maji yake, anakungoja. Mpe neno lako moja, lakini asiniletee mimi. Nimemwomba ampelekee Zuhura mwenyewe.

Mkeo, mwenye vidole laini,
Mwanaidi, Mama Zuhura